Papa Philémon, Mwanariadha wa Kadutu, na Uji wa Maman Emérence

Mapadri wetu, wazee mliotoka Nyangezi, papa na maman wa Kadutu, wanamichezo mliokuja na jezi chini ya makoti, mimi ni Gisèle, binti ya marehemu Jean-Marie aliyekuwa rafiki wa Papa Philémon tangu ujana wao, na ingawa sina tone la damu ya nyumba hii, Patrice na Colombe, watoto wa marehemu, wameniomba nisome historia ya baba yao, kwa sababu ndani ya ukoo kuna mabishano juu ya kilichomuua, na tangu Ijumaa jirani mmoja anatajwa kwa minong'ono kwamba alimtilia sumu. Nitasoma mambo kama yalivyokuwa, na asiyetaka kuyasikia, mlango uko wazi.

Papa Philémon Mushagalusa alizaliwa Nyangezi, tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa pili wa wakulima, na mama yake alikuwa akisema kwamba hakutambaa, bali alisimama, akaanguka, akasimama tena akaondoka, nasi tuliomjua hatuna sababu ya kubisha. Alianza shule ya msingi hapohapo Nyangezi mwaka 1959, akamaliza masomo ya ualimu mwaka 1972, na katika mashindano ya shule ya mwaka 1970 aliwaacha nyuma vijana wa mjini waliokuwa na viatu, yeye akiwa peku. Mwaka 1976 alikwenda Kinshasa kwa jina la Kivu, akawa wa tatu katika mita elfu kumi, akarudi na medali ambayo baadaye alituachia sisi watoto tuichezee.

Kuanzia Septemba 1973 hadi tarehe 30 Juni 2013 alifundisha gimnastiki katika shule moja ya sekondari hapa Kadutu, na kila Jumapili, baada ya misa ya kwanza, aliongoza kundi lake la mbio kuteremka hadi Nyawera, kwenda Muhumba na kupanda tena milima yote hii, wakati wa mvua, wakati wa vita, na wakati watu wazima walipomcheka kwamba mzee mwenye mvi anaonyesha magoti barabarani. Siku moja askari walimsimamisha, wakamwamuru arudi nyumbani, naye aliwasalimu vizuri, akarudi hadi kona, akashika barabara nyingine, akaendelea. Hivyo ndivyo alivyokuwa, na kama kuna mtu aliyetarajia niseme alikuwa mpole, samahani, hakuwa.

Tarehe 22 Agosti 1981 alifunga ndoa na Maman Micheline, wakapata watoto wawili, Patrice mwaka 1983 na Colombe mwaka 1986. Maman Micheline alitutoka tarehe 3 Mei 2010, wazee wakamletea Papa Philémon majina ya wanawake wa kuoa, akayakataa yote, akaendelea kupika mwenyewe, na kwa kweli alipika vibaya sana.

Hapo ndipo anapoingia Maman Emérence, mjane aliyekuja kutoka Luhwindja, jirani wa ukuta kwa ukuta, muuzaji wa uji wa mtama, ambaye alimwekea Papa Philémon kikombe chake kila asubuhi alipotoka kwenye mazoezi. Sote tunajua desturi yetu, kwamba anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele ya macho yako, nawe unapokea moyo ukiwa mtulivu, na Maman Emérence aliifuata hadi asubuhi ambayo Papa Philémon alimzuia mbele ya wateja wote, akasema: "Maman Emérence, usionje tena, mi naamini mukono yako kuliko mukono yangu." Tangu siku hiyo hakuonja, kwa sababu yeye mwenyewe alimkataza, akiwa na akili zake timamu, kwa heshima ambayo wengi wetu hatujawahi kumpa jirani yeyote.

Januari 2025 Papa Philémon alianza kukonda na chakula hakikukaa tumboni, na mwezi Machi, mji wetu ukiwa katika siku ngumu ambazo sote tunazijua, mdogo wake, Papa Delphin, aliamini kwamba ni karuho, ile sumu ya polepole tunayoiogopa sote, akampeleka kwa mganga upande wa Walungu. Mganga alimtapisha kwa majani hadi Juni, akauliza ni nani aliyekuwa akimpa kitu bila kuonja, na jina likapatikana. Tarehe 19 Juni Colombe alimtoa huko akamleta hospitali, madaktari wakapitisha kamera tumboni, wakakuta kansa, na picha zikaonyesha imekwisha kufika kwenye ini, na Colombe anayo majibu yao, yeyote anaweza kuyaona. Si uji uliomuua, wala si mbio. Ilikuwa kansa, nasi tulipoteza miezi ya kuitibu tukimtafuta mchawi.

Papa Delphin, tunakuheshimu, ulimbeba kaka yako mgongoni kwenye njia ya matope, nalo nalisema mbele ya wote, lakini ulikosea, na yeye mwenyewe alikwambia kitandani, sisi tukisikia: "Delphin, uyu maman hana kosa, mumuachie." Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Patrice, na usiku uliofuata mawe yalirushwa juu ya mabati ya Maman Emérence. Aliyerusha ananisikia sasa hivi, na aone haya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, mapadri waliomletea komunyo, walimu wenzake, wanamichezo waliombeba kumtoa nje aone barabara, na majirani wote wa Kadutu, na kati ya majirani tunamshukuru kwa jina Maman Emérence, ambaye amekaa hapa mbele, kati ya Patrice na Colombe, na ndipo atakapokaa hadi mwisho wa matanga. Tukitoka makaburini na kunawa mikono, tutakuta nyumbani sufuria ya uji alioupika yeye leo asubuhi, ambao yeye hataonja, Patrice atakunywa kwanza, Colombe atafuata, nami nitafuata, na kila anayesema alimpenda Papa Philémon tutamwona kwa kikombe chake.

Papa Philémon, pumzika sasa kwa amani ya Bwana, maman huyu tutabaki naye sisi.