Kiko cha Mkwe Hakipitishi Moshi

Nje ya kibanda cha Fundi Saa kuna benchi lenye mguu mmoja mfupi, na hapo kila alasiri dunia hutengenezwa upya. Wa kudumu ni watatu. Kuna Fundi Saa mwenyewe, mpole, mwenye mikono isiyotetemeka. Kuna Bomba, mzibuaji wa masinki, anayeamini kwamba kila shida ya binadamu ni uchafu ulionasa mahali. Na kuna Profesa, tarishi mstaafu wa chuo, aliyebeba mafaili ya wasomi miaka thelathini mpaka akajiona kayasoma yote. Siku hiyo birika la kahawa lilikuwa limejaa, lakini juu ya meza hapakuwa na saa hata moja. Palikuwa na kiko.

Kiko kilikuwa cha baba mkwe wake Fundi Saa, na hapo ndipo penye shida. Tangu amuoe binti yake, mwaka wa kumi na moja huu, mzee hajawahi kumwambia neno jema. Ukimtengenezea redio, atasema ilikuwa inasikika vizuri zaidi ilipokuwa mbovu. Sasa mzee huyo huyo, kwa mkono wake, alikuwa amemkabidhi kiko na kumwambia: "Kama kweli wewe ni fundi, kifanye kivutike. Saa kumi nakifuata." Ilikwisha kuwa saa tisa. Fundi Saa hakuwa amekula tangu asubuhi kwa hofu na matumaini.

— Kwani kina nini? — aliuliza Bomba.

— Unavuta, hewa haiji. Mashavu yanagusana huko ndani. Mzee kamaliza viberiti viwili, tumbaku haishiki moto.

— Tumbaku ni chache, — Profesa akaamua kabla hata hajakigusa. — Haba na haba hujaza kibaba. Shindilia!

Wakashindilia kwa kidole gumba, halafu kwa kitako cha bisibisi. Fundi Saa akavuta mpaka macho yakamtoka.

— Ndiyo kwanza hakipiti kabisa.

— Basi bado haijatosha, — alisema Profesa.

— Wee Profesa, njia imeziba wewe unaongeza mzigo? — Bomba akakinyakua. — Hili ni sinki lenye mkia, hamna lingine. Uchafu umekaa kwenye kona. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kinamisheni!

Wakakiinamisha, wakakigonga. Tumbaku yote ikamwagikia kwenye kikombe cha Profesa. Profesa akaitazama kahawa yake, akaipuliza, akainywa.

Bomba hakukubali kushindwa. Akaleta pampu ya baiskeli, akachomeka mpira wake kwenye mdomo wa kiko, akasukuma kwa uzito wake wote. Mpira ukachomoka, ukamchapa Profesa sikioni.

— Sasa nimeelewa, — alisema Profesa akijisugua. — Kiko hiki kina kinyongo. Miaka arobaini kimezoea pumzi ya mtu mmoja. Ukikipelekea pumzi ya mkwe, kinafunga mlango. Damu nzito kuliko maji.

— Mbona mwenyewe naye hakimpitishii?

— Kwa sababu kazeeka, bwana! Pumzi imebadilika, kiko hakimtambui tena. Inabidi atambulishwe upya, mbele ya mashahidi.

— Acha porojo. Ni mjusi, — alisema Bomba. — Mimi nimewahi kutoa mjusi kwenye bomba la bafu, yeye na familia yake.

— Mjusi atapita wapi kwenye tundu kama hilo?

— Aliingia mdogo, akakulia humo humo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Fundi Saa akawaacha na mjusi wao. Aliona haya. Alikuwa amekaa saa nzima akifuata akili za benchi, ilhali ana lenzi na koleo la kutolea skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Akauzungusha mdomo wa kiko polepole mpaka ukaachana na shina, akabana lenzi jichoni. Ndani kulikuwa na kitu cheupe. Akakivuta taratibu kwa koleo, kikaja chote. Kilikuwa donge la pamba lililofungwa uzi, likakazwa vizuri. Akarudisha mdomo mahali pake, akavuta. Hewa ikapita ikilia mluzi.

— Mjusi mweupe! — alipiga kelele Bomba.

Walishangilia mpaka benchi likayumba. Fundi Saa alicheka peke yake kama mtu aliyepata barua nzuri. Alikwisha kuiona sura ya mzee akivuta na kukubali. Profesa akajaza tumbaku mpya, safari hii kidogo tu.

Hapo akatokea mke wa Fundi Saa na chupa ya dawa mkononi, katoka zahanati.

— Karibu shemeji, — alisema Profesa. — Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mumeo leo katushinda wote.

Mwanamke alisogea mezani. Alikuwa anaitazama pamba juu ya meza.

— Nani kaitoa?

— Mimi, — alisema mumewe, bado anacheka. — Kumbe ilikuwa pamba tu!

— Najua ni pamba. Niliitia mimi.

Akakaa kwenye benchi kwa uchovu, Bomba akasogea kumpisha.

— Daktari alimkataza baba moshi kabisa. Kukiacha kiko hataki, atalala nacho. Nikasema basi, akinyonye kitupu. Wiki ya tatu hii hajakohoa damu.

— Mbona hukuniambia? — aliuliza Fundi Saa kwa sauti ndogo.

— Wewe? Baba akikukaripia mara moja unatapika yote. — Akawageukia na wenzake. — Haya, mafundi. Kiko mmekizibua. Kifua cha baba nacho, nani kati yenu atakizibua?

 Bomba akatazama pampu yake. Ng'ambo ya barabara mzee alikuwa anakuja, anasimama kila hatua kumi kupumzika.

Fundi Saa alikuwa na haja ya sifa ile, ilimuuma kweli. Akaimwaga tumbaku, akachukua koleo, akairudisha pamba ndani na kuikaza kuliko ilivyokuwa.

Mzee alifika, akakipokea bila salamu, akavuta. Mashavu yakazama.

— Mbona hakipiti?

— Kimenishinda, baba.

— Na hawa wote wamekaa hapa wanafanya nini?

— Kimetushinda wote, mzee, — alisema Bomba, ambaye hajapata kusema hivyo maishani mwake.

— Mwanangu, — mzee akamwambia bintiye, — nilikuonya mapema kwamba huyu si fundi.

— Ulinionya, baba, — alisema mwanamke. Chini ya meza alikuwa ameushika mkono wa mumewe, na hakuuachia.