Majina ya Mkononi, Barza ya Hatubanduki

Ukitaka kuwaona watu waliokwisha kujua kila kitu duniani, shuka Chake Chake baada ya laasiri, kata uchochoro wa mafundi cherehani, pita karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi, utawakuta barza ya Hatubanduki. Pembeni hukaa Masoud, aitwaye Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Ubavuni mwake Othman, Daktari, aliyelinda geti la hospitali mpaka akastaafu, na hakuna mgonjwa aliyepita pale asimtajie dawa. Mbele yao Jaribu, Jaji, aliyewahi kwenda mahakamani mara moja tu, kwa kesi ya mbuzi, akashindwa. Siku hiyo wote wamevaa fulana za buluu zilizoandikwa kifuani "Barza Rafiki kwa Vijana Wenye Ulemavu." Ni mradi wa jumuiya moja pale mjini: kila barza ichukue kijana wake, akae, anywe kahawa, acheze dhumna, awe mtu na watu. Hatubanduki walimchukua Hafidh, kiziwi, mtoto wa dada yake Masoud, na wao wenyewe wakapelekwa kufundishwa lugha ya alama. Lakini nafasi ya Hafidh ilikuwa tupu.

Mchana wake Bi Moza, mama yake Hafidh, alikuwa amemsimamisha kaka yake Masoud ukumbini. "Mwanangu harudi barzani. Kanionyesha kwa mkono, basi, tena huku analia, akarudi kwenye mbao zake za kuchonga chumbani. Mumemfanya nini?" Masoud, wa kusema saa nzima bila kumeza mate, alivaa makubadhi akatoka. Ni yeye aliyembembeleza kijana atoke. Akijifungia safari hii, hatoki tena. Roho ilimuuma kwelikweli.

— Mumemfanya nini mwanangu? Masoud aliwauliza wenziwe barzani kabla hajavua makubadhi.

— Sie? Daktari aliruka. Sie tulimfanya mfalme! Kahawa ya mwanzo nani kampa?

— Mie, alisema Mbarouk muuza kahawa, akigonganisha vikombe.

— Kampa Mbarouk, kwa niaba yetu. Hebu tulitazame kitaalamu. Yule bubu...

— Kiziwi, alimkata Masoud. Tulifundishwa. Bubu hawalipendi.

— Kiziwi. Basi kiziwi akinywa kahawa chungu, damu hupanda kichwani, masikio yakaziba.

— Si yameziba tokea hapo?

— Yanaziba zaidi.

Jaji alikohoa, kikohozi cha kutoa hukumu.

— Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Hata Mbarouk aliacha kumimina.

— Yakhe Jaji! alisema Masoud. Hiyo ndo ya kumsemea kiziwi?

— Mie nasema kwa ujumla. Na kwa ujumla huohuo nakwambieni, kijana kaibiwa. Wale wa barza ya ng'ambo, wanaogawa haluwa. N'nawaona kwa macho yangu wakimpungia mkono.

— Watu hupungiana mkono, Jaji.

— Weye na mie, ndiyo. Kwa kiziwi, kupungiwa mkono ni hotuba!

— Haluwa si kitu, alisema Daktari, akajongea na kushusha sauti. Yule ni mpelelezi.

— Wa nani?

— Wa mradi. Anasoma midomo. Hamkumuona alivyotukazia macho? Porojo zetu zote sasa hivi ziko Dodoma.

— Dodoma gani! Jaji alipata moto. Ziko Ulaya, zishatafsiriwa. Wazungu wamekaa mezani wanasoma kwamba Daktari wa Hatubanduki hajawahi kushika sindano.

— Na habari ya mbuzi wako wanayo.

Masoud akacheka. Ndiyo maradhi yake hayo, akiona upuuzi huucheka, na ukipungua huuongeza.

— Labda kachoka kutusikiliza! alisema, wakaangua kicheko mpaka kofia ya Jaji ikamdondoka. Kisha akamkumbuka dada yake ukumbini, kicheko kikamkauka.

— Tuseme kweli, alisema. Kuna tulilomkosea?

— Tumkosee wapi, na lugha yake tunaijua? alisema Daktari.

Na kweli, kidogo walikuwa wakijua. Kule mafunzoni walikuta kwamba kwa viziwi mtu hajipi jina, hupewa na wao wenyewe, kwa mkono. Hafidh na wenziwe wakawatazama wazee wale, wakagongana viwiko, wakawapa. Daktari alipewa kidole puani, naye akashikilia kwamba ni kunusa dawa. Jaji alipewa vidole viwili juu ya kichwa.

— Taji, husema Jaji.

— Pembe, husema Mbarouk.

La Masoud ni vidole vinavyofumba na kufumbua mbele ya mdomo, havipumziki. Yeye alisema ni chemchemi ya hekima. Walipokwisha kupata majina waliona elimu imetimia, na tena siku ya pili yake palikuwa na mechi Gombani. Hawakurudi darasani. Ikawa kila Hafidh akija, wanamwonyesha majina yao, mmoja mmoja, kwa fahari. Hafidh anatabasamu. Wanamwonyesha tena. Kisha wanageukiana na kuendelea na mambo ya dunia, naye ameshika kikombe chake.

— Asalaam alaykum, wazee wangu.

Alikuwa msichana wa makamo ya Hafidh, kasimama kando ya barza na kikapu chake.

— Waalaykum salaam, mwanangu. Karibu!

— Mie Yumna, natoka Makangale. N'nazisoma fulana zenu nikasema hapa ndipo. Nna mdogo wangu, Ahmada, kiziwi. Anakuja huku Chake kujifunza useremala, hana amjuaye. N'naambiwa nanyi mna kijana.

— Tunaye! alisema Daktari, kifua mbele. Tena lugha yenyewe tunayo. Tazama!

Kidole puani. Pembe. Vidole vya mdomoni. Yumna alijiziba kinywa kwa ushungi.

— Mashallah. Na huyo kijana wenu, jina lake lipi? Nikamwonyeshe Ahmada, aje akimjua mwenziwe.

— Hafidh, alisema Jaji.

— Hilo la mdomoni, mzee wangu. La mkononi?

Mkono wa Daktari uliinuka, ukafika puani, ukashuka. Jaji alijipapasa kofia, akamtazama Daktari. Wote wawili wakamgeukia Masoud.

— Redio, weye ndo mjomba wake.

Masoud alitafuta. Lazima analo, wenziwe wale kule darasani watakuwa wanamwita kwa kitu. Lakini hakuwahi kulitazama, na haya zilimpanda mpaka masikioni.

— Nenda kamuulize basi, alisema Jaji. Nyumba si hiyo?

— Namuulizaje? Hilo walilifundisha siku ya mechi.

Mbarouk aliinamisha birika, likatoa masimbi ya kahawa matupu.

Yumna alidhani hakueleza vizuri. Akauliza tena, taratibu, kwa adabu.

— Mjomba, nakusudia hata nyumbani tu. Weye ukitaka kumwita, humwitaje?

— Mie, alisema Masoud, humvuta shati.