Mzee Nyufa, Dalali Aliyeanzia kwenye Ubaya wa Nyumba

Kabla ya wasifu huu uliandikwa mwingine. Uliandikwa na mwana wa marehemu, ukasema baba yake alikuwa mtu asiye na kasoro. Dada mdogo wa marehemu, ambaye ndiye anayesoma sasa, aliukunja mara nne akautia kwenye ndoo ya taka, kwa sababu kaka yake alikuwa na kasoro tele na hakuwahi kumficha mtu hata moja. Alikuwa mkaidi. Alikoroma mpaka majirani wakajua saa anayolala. Alichelewa kila mahali isipokuwa kazini, na kwenye harusi yake mwenyewe alifika wageni wameshaanza kula. Haya yametangulizwa makusudi. Ndivyo alivyofanya kazi yake kwa miaka arobaini na minne, na ndiyo maana wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Nyufa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita, katika chumba cha kupanga nyuma ya karakana ambako baba yake alikuwa mchomeleaji. Mama yake alikuwa mshonaji. Alipofikisha miaka kumi familia ilikuwa imeshahama mara saba, na kila chumba kipya kilisifiwa kuliko kile walichotoka. Kimoja kilisifiwa kwa upepo mwanana. Dirisha lake halikuwa na kioo. Kingine kilikuwa "karibu na maji," na kweli, mvua iliponyesha maji yaliingia yakalala nao. Watoto walicheka. Mama yao hakucheka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 akamaliza darasa la nane mwaka 1966, akiwa na alama nzuri za hesabu na mwandiko wa kuku. Hapakuwa na njia ya kuendelea. Mwaka 1968 alijiunga na fundi rangi mmoja mzee, aliyemfundisha kuchanganya, kukwangua na kutoharakisha tabaka la pili. Ufundi huo aliuweza haraka, na ndio uliomletea fedheha ya maisha yake.

Mwezi Aprili 1974 dalali mmoja alimwita apake ukuta wa chumba cha kulala. Ukuta ulikuwa umelowa toka chini mpaka kiunoni, na wanunuzi walikuwa waje kesho yake.

"Bosi, ukuta huu unalia," marehemu alisema.

"Paka, kijana. Ukilia tena, utawalilia wao."

Akapaka tabaka mbili, rangi ya maziwa. Nyumba ikauzwa. Miezi mitatu baadaye alipita mtaa ule akaona godoro la mtoto limeanikwa uani, upande mmoja umejaa ukungu mweusi. Alikuwa akisimulia kwamba alishikwa na kinyaa palepale barabarani, na kwamba hakikumtoka tena. Hakikuwa kinyaa cha ukungu. Alijiona mchafu yeye mwenyewe, kwa kuwa alijua, akapaka.

Alivuka barabara akabisha hodi. Aliyefungua ni binti mkubwa wa nyumba ile, kitambaa kichwani, brashi ya kusugulia mkononi.

"Mimi ndiye niliyepaka ukuta wenu," akasema.

Binti akamtazama kuanzia viatuni mpaka usoni. "Basi ingia uone kazi yako."

Alikwangua ukuta ule kwa Jumamosi sita, akafukua sakafu, akalipata bomba lililokuwa likivuja. Mdogo wake binti, aliyekuwa akikohoa tangu wahamie, alipata nafuu. Baba mwenye nyumba hakumsemesha mpaka Jumamosi ya tano, na hapo alimwambia tu asogeze ndoo.

Alimwoa binti huyo tarehe 17 Desemba 1977, na hiyo ndiyo harusi aliyochelewa. Mkewe alimwita Fundi siku zote, hata mbele ya wakwe. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike. Mwaka 1986 walihamia kwenye nyumba waliyoijenga wenyewe, ya vyumba vitatu, na hati yake ina majina mawili, la mume na la mke. Wakili alimuuliza kama ana hakika anataka hivyo. "Wewe andika," marehemu alijibu. "Aliyenifungulia mlango ni huyu."

Udalali aliuanza mwaka 1979. Mteja akija hakumpitisha sebuleni. Alimwanzia chooni, akampeleka nyuma kwenye mitaro, akafungua kila bomba, na ikiwa ni msimu wa mvua alimketisha chini ya dari asikilize. Wenye nyumba walimwona kichaa. "Unaniuzia nyumba au unaniharibia?" mwalimu mmoja mstaafu alimfokea. "Nakuuzia mara moja tu," marehemu akamwambia, "ili wasirudi kukutukana." Nyumba zake zilichukua muda kuuzika, lakini hakuna aliyewahi kumfuata na mashahidi kudai alidanganywa.

Watu walimwendea kwa ushauri hata pale ambapo hakuwa dalali wao, na aliwafundisha wote jambo lilelile. Ukitaka kumjua dalali, muulize: nyumba hii mbaya wapi? Akikujibu haina ubaya, basi ama hajaikagua ama anakudanganya, na wote hao usiwape ufunguo. Akikuonyesha ubaya, mwombe akupeleke kwa mtu aliyemuuzia nyumba miaka mitano iliyopita, mkanywe chai huko. Dalali mwenye asali mdomoni hana pa kukupeleka.

Mwaka 2013, biashara ilipohamia mtandaoni, wenzake walidhani sasa mzee atastaafu. Akanunua simu. Tangazo lake la kwanza lilianza na picha ya doa la maji kwenye dari, ikafuata ya ufa wa ukutani, na kando ya ufa aliweka kiberiti ili watu wapime upana. Sebule ilikuja picha ya sita. Mtu mmoja akaandika chini yake, "Mzee, unauza nyumba au unauza ufa?" Akamjibu kwa herufi kubwa, maana hakujua kuzipunguza: "VYOTE VIWILI. UFA NI WA BURE." Nyumba ile ilipata mnunuzi siku ya tisa, na mnunuzi huyo yuko nasi leo, safu ya tatu.

Picha za wenzake zilimkera mno. Alisema mtu anapanda juu ya meza, anapiga picha kutoka pembeni ya dari, na banda la kuku linageuka ukumbi. Yeye alipiga akiwa amesimama chini, mchana, mapazia yakiwa wazi, na aliandika tarehe. Aliweka picha ya barabara pia, na ya jirani mwenye kinu cha kusaga nafaka kama jirani mwenye kinu yupo.

Tarehe 3 Februari 2023 alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilala, na maneno yakawa yanamtoka moja moja. Akili haikuguswa. Kitanda chake kiliwekwa chumba cha nyuma, chenye dirisha kubwa, na mkewe alimgeuza kila baada ya saa mbili, kwa miezi kumi na minne, asipate kidonda cha mgongo. Hakukipata. Binti yao, ambaye ni muuguzi, alikuja kila mwisho wa wiki kumpokea mama yake.

Kuanzia hapa mwana aliomba tupite kimya. Mama yake alizisoma aya zinazofuata mara mbili, akasema ziachwe.

Mwana aliamua nyumba iuzwe, mama ahamie kwake, na baba apelekwe kwenye kituo cha kutunzia wagonjwa. Hakumuuliza mama, ambaye jina lake limo kwenye hati. Hakumuuliza baba, mtu pekee katika ukoo mzima anayejua kuuza nyumba. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na huyu hakuwahi kuachwa alie. Alikwenda mtandaoni akachagua dalali mwenye wafuasi wengi na tabasamu pana, ambaye hapa ataitwa Bwana Meno, kwa sababu hayo tu ndiyo aliyoyaonyesha.

Jumatano tarehe 13 Machi 2024, mke wa marehemu alikwenda kuchukua dawa. Bwana Meno akafika na kamera, taa mbili na maua ya plastiki. Chumba cha mgonjwa kilikuwa na mwanga kuliko vyote. Basi wakamtoa kitandani, wakamfunga mkanda kwenye kiti cha magurudumu, wakamsukuma mpaka uani, kati ya pipa la maji na kamba ya nguo, pamoja na chupa zake za dawa, nepi zake na ndoo yake. Kisha wakafunga mlango. Kitandani kwake wakatandika shuka jeupe, wakaweka trei yenye vikombe viwili visivyo na chai.

Dada yake, huyu anayesoma, alifika saa nane mchana akamkuta juani. Shingo imelala upande, midomo imekauka, nzi wanatembea juu yake. Mkono wake mzima, wa kushoto, ulikuwa umebanwa chini ya mkanda, hakuweza kuwafukuza. Kutoka chumbani kwake kilisikika kicheko.

"Shangazi, ni dakika kumi tu," mwana alisema.

"Yuko nje tangu saa ngapi?"

Bwana Meno ndiye aliyejibu, huku akifuta kioo cha kamera. "Mama, mgonjwa kwenye picha anashusha bei. Si mimi, ni soko ndivyo lilivyo."

Wasifu hutakiwa kuwa na maneno ya upole mahali kama hapa. Msomaji ameyatafuta, hakuyapata. Ulikuwa uchafu, inatia kinyaa kuukumbuka, na inatia kinyaa zaidi kwamba waliofanya hivyo walinawa mikono baada ya kumshika.

Jioni ile tangazo lilitoka. "Nyumba tulivu. Wamiliki wamehama. Iko tupu, ingia hata kesho." Ufa ulio kando ya dirisha la chumba cha nyuma ulikuwa umefutwa kwa kompyuta, ukuta ni laini kama yai. Mgonjwa alipewa simu atazame. Wote walidhani kitakachomuuma ni kuandikwa amehama hali amelala palepale. Akazipitia picha zote, akaweka kidole juu ya ile ya chumba chake.

"Ufa... wetu... uko wapi?"

Mkewe alicheka mpaka akalia. "Wameuiba, Fundi."

Kuanzia kesho yake alifanya kazi yake ya mwisho. Kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, aliandika chini ya tangazo lile: "SIJAHAMA. NIKO CHUMBA CHA NYUMA. UFA UPO." Ilimchukua asubuhi nzima. Bwana Meno akaifuta. Akaiandika tena. Ikafutwa. Aliiandika mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja ikafutwa, lakini wanunuzi wawili waliwahi kuisoma kabla haijaondolewa, wakapiga simu kuuliza, wakakaa mbali.

Marehemu alifariki Jumatatu tarehe 22 Aprili 2024, saa tatu asubuhi, chumbani kwake, mkewe akimnyoa ndevu. Alikuwa amemaliza upande mmoja. Akamaliza na wa pili, ndipo akatuita.

Kufa kufaana. Siku ya tatu ya msiba Bwana Meno alikuja amevaa nyeusi, mikono ameifumbata tumboni. Alipompa mjane kitabu cha rambirambi, chini ya ukurasa alikuwa amechomeka karatasi ya kukubali mauzo.

"Pole sana, Mama. Weka sahihi na hapo chini, ni utaratibu tu."

Mjane akavaa miwani. Akaisoma karatasi yote, sebule nzima ikisubiri. Kisha akamuuliza, "Nyumba hii mbaya wapi?"

"Haina ubaya, Mama. Ni safi kabisa."

Akamrudishia kalamu. "Basi huijui. Toka."

Ametoka, lakini tangazo halijatoka. Mpaka asubuhi hii linasema wanunuzi waje leo, Jumamosi tarehe 27 Aprili, saa kumi jioni, kwa kuwa "nyumba itakuwa wazi kwa utulivu." Itakuwa wazi kwa sababu sisi sote tuko hapa makaburini. Ufunguo mmoja uko kwenye mkoba wa mjane. Wa akiba mwana alimpa Bwana Meno, juzi akarudishiwa, na mama yake alipomwomba jana aliambiwa, "Tutaongea baada ya mazishi."

Marehemu ameacha mke, ambaye hakuhama na hahami, na hatatia sahihi. Ameacha binti, wajukuu watano, dada wawili na kaka mmoja. Ameacha watu wa nyumba mia mbili na kumi na saba ambao walijua walichonunua. Na ameacha mwana mmoja, aliyekaa safu ya mbele akiwa na ufunguo wa mama yake mfukoni. Anaombwa asimame sasa, kabla jeneza halijashushwa, ampe mama yake mkononi. Tutamngoja. Baba yake alimngoja juani.

Apumzike kwa amani, na mtu yeyote asimhamishe tena.