Ukoo Mzima Kwenye Diski Moja

Kwenye basi la kwenda Huaqiangbei, kwenye soko la vifaa vya elektroniki, mzee mmoja alikuwa amepakata kompyuta yake kama mtoto mwenye homa. Mama aliyekaa naye, fundi kwa jinsi alivyouliza, hakumhurumia.

"Ukiiwasha inasemaje, mzee wangu?"

"Inasema haina diski. Ikipoa inaiona kidogo, kisha inaikana tena."

"Basi diski haijafa, inakata roho. Kuna nini humo?"

"Kitabu cha ukoo wa Kuang, vizazi ishirini na viwili. Wazee walikuwa na madaftari, nikawacheka. Nikasema tuyachome, yawafikie mababu kwa moshi kama desturi yetu."

"Mkachoma?"

"Mwenyekiti wa ukoo ni mimi, dada. Tukachoma."

"Basi mababu wana nakala. Waombe."

Mzee alicheka kuliko sisi abiria wote tuliokaa karibu. "Si unaichomoa tu, unaitia kwenye kompyuta nyingine?"

"Kwenye hizi nyembamba imechomelewa humo humo. Utachomoa nini?"

"Na nilinunua nyembamba nionekane kijana!"

"Umeiwasha mara ngapi tangu jana?"

"Kila nusu saa, nione kama imepona."

"Kila ukiiwasha unammalizia mgonjwa pumzi. Usiiguse mpaka umfikie fundi wa kunakili diski mbovu."

Mimi kazi yangu ni kung'oa diski hizo kwa hewa ya moto, na fundi wa kunakili yuko meza ya pili kutoka kwangu. Nilinyamaza, kama nilivyonyamaza darasani mpaka shule ikaniishia.

Basi likasimama. Tukiwa mlangoni, nyuma yetu kompyuta ikalia, inawaka.

"Nione tu kama bado wapo," alisema mzee.