Delbert Sizemore na Lami ya Uwanja wa Tolliver

Delbert Sizemore alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 9 Aprili 1943, hapa Cutler's Mill, Virginia, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha mbao. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Roscoe na Mintie Sizemore. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alizaliwa akipiga kelele kuliko msumeno wa kiwandani, halafu akanyamaza, na tangu hapo hakuwa mtu wa maneno mengi.

Alisoma shule ya hapa hapa mjini hadi darasa la kumi. Watu wakimuuliza kwa nini hakumaliza, alijibu kwamba hakuwahi kuacha shule, ila shule na uwanja wa mbio za magari havikuwa kwenye barabara moja, na yeye alikuwa na miguu miwili tu.

Mwaka 1960 mzee Amos Tolliver, aliyeuchonga uwanja wake katika udongo mwekundu nyuma ya shamba la tumbaku, alimwajiri kuendesha boza la maji. Kazi hiyo wengi waliiona ndogo. Lakini udongo ukilowa sana magari yanazama, ukikauka sana ni vumbi tupu. Delbert alikuwa akishuka, anafinyanga bonge kiganjani, anapanda tena. Siku ambazo udongo ulikubali, magari yaliingia kwenye kona ubavu kwa ubavu yakiteleza na kupitana, na watu wakasimama juu ya mbao za jukwaa wakipiga mayowe. Kila ukoo ulikuwa na ubao wake wenye jina lake kwa rangi, na ole wako ukalie ubao wa akina Pickett.

Tarehe 6 Juni 1964 alimwoa Ouida, binti wa mzee Tolliver, katika kanisa hili. Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ni siku ya mbio. Baada ya keki bwana harusi alianza kutazama mawingu. "Nenda tu," Ouida alimwambia, "lakini huniachi hapa na mashangazi zako." Basi bibi harusi akapanda boza na gauni lake, wakamwagilia uwanja pamoja. Gauni halikurudia weupe wake. Walijaliwa watoto wawili, Rhonda na Curtis.

Mzee Tolliver alifariki mwaka 1979, akawaachia uwanja. Jukwaa lilikuwa likijaa. Lakini akina mama wa barabara ya kanisani walilalamika kwamba nguo walizoanika Jumamosi walizifua tena Jumatatu, na wilaya jirani ikajenga uwanja wa lami unaong'aa. Familia haitaficha: marehemu aliona wivu. Alitaka naye aitwe mtu wa kisasa.

Rafiki yake Hobart Gentry, dereva aliyeshinda kwenye udongo huo kuliko mwingine yeyote, alimfuata uwanjani.

"Delbert, ndugu yangu, usiuguse udongo huu. Kwenye lami anayetangulia ndiye anayemaliza wa kwanza. Nani atalipa kiingilio aje kutazama foleni?"

"We Hobart, sema tu unaogopa gharama ya matairi mapya."

"Naogopa kushinda bila kumpita mtu, bwana."

Wakacheka. Lami ikamwagwa, na mbio za kwanza zikafanyika Aprili 1989. Jukwaa lilijaa. Magari yalizunguka moja nyuma ya jingine mpaka mwisho, safi, bila vumbi, na watu walikaa kitako mbio nzima. Hobart alishinda, akapokea kombe huku akitazama viatu vyake.

Hawakuondoka kwa mkupuo. Ukoo huu ulikosa Jumamosi moja, ule ukakosa msimu. Marehemu aliendelea kuzifuta mbao zote kila Jumamosi asubuhi, hata zile ambazo wenyewe hawakuja tena. Miaka ya mwisho ya uwanja, mtangazaji angeweza kumsalimia kila aliyekuja kwa jina lake, na alifanya hivyo.

Hapo ndipo marehemu alipoanza kwenda nyumba kwa nyumba akiwa na sufuria ya karanga za kuchemsha. Wengi mliopo hapa mlimkaribisha sebuleni. Alikuwa na swali moja tu: je, ni lami iliyowafukuza? Bi Earlene Pickett alimwambia, "Hapana, baba. Ni magoti yangu." Mwingine akasema ni televisheni. Mwingine, wajukuu wana mpira Jumamosi. Mlikuwa na adabu, na mlimpenda. Alirudi nyumbani na sufuria tupu, akakaa jikoni bila kuvua kofia.

"Baba Rhonda, si kosa lako," Ouida alimwambia. "Dunia imebadilika."

"Mbona kila mtu ananiambia hivyo kwa sauti ileile?"

Alitaka kuomba msamaha, na hakupata mtu wa kukubali kwamba alikosea. Aliishi na hilo zaidi ya miaka thelathini.

Mwaka jana moyo wake ulidhoofika. Alilazwa hospitali mara kadhaa, kisha mwezi Septemba mwaka huu akaomba arudishwe nyumbani. Hobart alikuja kumtazama, akavuta kiti. Marehemu alimuuliza swali lake lilelile. Hobart akasogeza kiti karibu zaidi.

"Ndiyo, Delbert. Ni lami. Nilikukataza, ukauharibu uwanja mzuri kuliko wote niliowahi kuendeshea gari."

Rhonda aliinuka ili amtoe nje. Baba yake akamzuia kwa mkono, kisha akamgeukia mkewe. "Na wewe, Ouida?"

"Tangu siku ya kwanza," alisema Ouida. "Niliposikia ile harufu, nilijifungia chooni nikalia. Nilikuwa na hasira na wewe miaka mingi. Sasa sina."

"Nisameheni," alisema.

"Tumeshakusamehe, mjinga wewe," Hobart akamjibu, naye akilia.

Siku ile alikula sahani nzima. Alifariki Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2025, asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili, mkewe akiwa pembeni yake.

Ameacha mke, Ouida, watoto, Rhonda na Curtis, na wenza wao, wajukuu watano, dada yake, Velma, na Hobart Gentry, ambaye familia imeomba aketi nasi mbele.

Baada ya maziko kutakuwa na chakula katika ukumbi wa kanisa, na familia ina ombi moja. Tafadhali, mkija kutupa pole, msituambie kwamba halikuwa kosa lake. Mlimwambia hivyo kwa upendo, nasi pia tulimwambia, na tulimchelewesha sana kusamehewa.

Bwana amlaze mahali penye utulivu.