Kidole Tumbo cha Dada

KARANI: Haloo! Nani mwenzangu? Sauti inakwaruza.

FUNDI: Mimi, shemeji. Fundi viatu. Za kazi?

KARANI: Nzuri. Hapa posta foleni imefika mlangoni, sema upesi. Mdogo wangu ameamkaje?

FUNDI: Vibaya. Tumbo limekaza kama ubao, joto linapanda, na daktari anataka kumruhusu.

KARANI: Amruhusu aende wapi?

FUNDI: Nyumbani! Na vidonge vya vidonda vya tumbo!

KARANI: Si nilimpa kadi yangu ya bima ili atibiwe sawasawa? Alale kwa jina langu, anyamaze, basi—

FUNDI: Shemeji, punguza sauti.

KARANI: Ngoja nitoke. (Mlango.) Haya.

FUNDI: Muuguzi kaninong'oneza, dalili zote ni za kidole tumbo. Ila daktari kafungua faili, limeandikwa kilishatolewa mwaka juzi.

KARANI: Changu.

FUNDI: Chako.

KARANI: Mungu wangu. Na kovu? Hakuuliza kovu?

FUNDI: Aliuliza. Mke wangu akajibu ngozi yake hupona vizuri.

KARANI: (Anacheka, kicheko kinakatika.) Huyo hata akifa atakuwa na jibu.

FUNDI: Usitaje kufa, shemeji!

KARANI: Basi mwambie daktari ukweli.

FUNDI: Nimeshindwa. Wakijua, wanaifunga kadi. Na binti yako? Sindano zake za sukari?

KARANI: Ngoja, nahesabu zilizobaki.

FUNDI: Haloo? Upo?

KARANI: Nipo. Zimebaki za wiki mbili. Hiyo sheria mpya, bima kwa kila mtu, si inaanza tarehe moja?

FUNDI: Leo kumi na tisa. Redio imesema tarehe moja.

KARANI: Imesema mara ngapi?

FUNDI: Hii ya tatu, mbili za kwanza waliahirisha.

KARANI: Nilimzaa peke yangu yule mtoto, shemeji. Nimemlea peke yangu.

FUNDI: Najua. Ndiyo maana nimekaa saa nzima na simu mkononi. Huku mwenzangu ananiuma kidole kwa maumivu. Sina pa kwenda, shemeji!

KARANI: Mpe simu daktari.

FUNDI: Lakini—

KARANI: Mpe kabla sijageuza moyo!

FUNDI: Daktari! Samahani, daktari, ongea na ndugu yake—

DAKTARI: Haloo? Kwa kifupi, mama, nina wagonjwa.

KARANI: Jina lililo kwenye hilo faili ni langu. Mimi niko kazini, mzima. Huyo kitandani ni mdogo wangu, hana bima, na kidole tumbo chake hakijaguswa na mtu.

DAKTARI: Unajua nitalazimika kuripoti? Kadi inafungwa leo hii.

KARANI: Najua.

DAKTARI: Pamoja na wanaokutegemea.

KARANI: Ni mmoja tu. Daktari, mbona bado unaongea na mimi?

DAKTARI: Muuguzi! Chumba cha upasuaji, sasa hivi! Bwana, shika simu yako.

FUNDI: Shemeji? Wanasukuma kitanda, nakimbia nao— nikwambie nini, shemeji?

KARANI: Usiniambie kitu. Kimbia! Na mkifika huko mlangoni, uniombee hiyo tarehe moja ije kweli.