Mama Punguza, Aliyekataa Kupandisha Sauti

Walio nyuma mnaombwa msogee. Leo hakuna kipaza sauti, na aliyekizuia ni marehemu mwenyewe. Mdogo wake, ambaye kazi yake ni kukodisha spika za sherehe, alibishana naye pale kitandani hospitalini hadi muuguzi akawakata jicho.

"Dada, watu watakuwa wengi. Wa nyuma watasikiaje?"

"Watasogea."

"Na wasiposogea?"

"Basi watakuwa hawakunijia mimi."

Mpaka jana jioni familia haikuwa na uhakika kama amri hiyo ingetiiwa, maana spika zilikuwa zimeshapakiwa kwenye lori.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, kifungua mimba wa watoto wawili. Mama yao alisimama kwenye mashine za kufuma mpaka masikio yakachoka kusikia. Nyumba nzima ikazoea kupiga kelele. Hata chumvi iliombwa kama watu wanaita wazima moto. Binti huyu peke yake hakupaza sauti. Alimwendea mama yake, akamshika bega, akamnong'oneza sikioni, na mama akasikia. Majirani walimwita mpole. Hawakuwa wanamjua.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, kisha akaenda sekondari ya wasichana, ambako alisimamishwa masomo kwa kukata waya wa kengele ya umeme. Alijitetea kwamba kengele ilikuwa na mkwaruzo. Mwaka 1978 alihitimu ufundi umeme, na Januari iliyofuata akaajiriwa redioni kukata na kuunga tepu. Alipanda hadi kuwa fundi mkuu wa sauti.

Mwaka 1996 alijinunulia hedfoni za hali ya juu, zile za kuziba sikio lote, zilizofungwa hata upande wa nje, sauti isitoke wala isiingie. Wenzake walizijaribu wakaangua kicheko.

"Pesa yote hiyo na besi hakuna!"

"Besi ipo," aliwajibu. "Haiji mpaka iitwe."

Ukweli ni kwamba mwaka wa kwanza yeye mwenyewe alizichukia. Zilimbana kichwa, zilimtoa jasho, na zilimwonyesha kila kiungo kibovu alichowahi kuunga. Mwaka wa pili alirekebisha mkono wake. Tangu hapo hawakuachana. Ngozi ilibanduka ikamwachia chengachenga nyeusi shingoni, akabadilisha ngozi. Waya ulikatika, akabadilisha waya. Mwanawe alipomletea nyingine mpya, zisizo na waya, alisikiliza wimbo mmoja akazirudisha kwenye boksi. "Hizi zinanibembeleza," alisema. "Mimi nataka kuambiwa."

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984 na mwalimu wa hesabu, mtu mvumilivu, aliyekuja kujifunza kumwita mezani mkewe aliyevaa hedfoni kwa kuzima na kuwasha taa. Mume huyo alipenda kusema ndoa yao imeshikwa na swichi.

Mwaka 2003 mkurugenzi wa vipindi aliagiza kila wimbo na kila tangazo lipandishwe sauti mpaka mwisho, kituo kisimezwe na vituo vingine. Marehemu alinyanyua mkono kikaoni. "Kila kitu kikiwa juu, juu kwenyewe ni wapi?" Alihamishiwa stoo ya kanda, chumba kisicho na dirisha. Alikwenda na hedfoni zake, akanakili kanda za zamani kwa kipimo kilekile cha sauti alichokataa kukiacha, hadi alipostaafu mwaka 2012. Jina la Mama Punguza alipewa kwa dhihaka. Alilivaa kama cheo.

Miaka mitatu baadaye ukatoka mwongozo mpya: sauti zishushwe, nyimbo ziachwe zipumue. Fundi aliyerithi kiti chake alimpigia simu kwa furaha.

"Mama, tumerudi kwako!"

"Karibuni. Mimi sikuondoka."

Mwaka 2019 sauti nyembamba zilianza kumpotea. Alipoitwa kupimwa masikio alitoa hedfoni zake mkobani, akadai za hospitali zinavujisha sauti.

"Mama, tatizo si hedfoni," daktari alisema.

"Tutaona."

Kipimo kikarudiwa kwa hedfoni zake, majibu yakawa yaleyale. Akazikunja waya taratibu. "Haya. Kama ni hizi zimesema, nakubali." Baadaye moyo nao ukalegea, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, ukasimama. Mumewe alikuwa amemshika bega.

Marehemu ameacha mume, binti, mtoto wa kiume, wajukuu wanne na mdogo wake mmoja. Miaka yote alikuwa akimwambia mdogo wake huyo, "Wewe huuzi muziki, unauza tetemeko." Hata hivyo, hedfoni amemwachia yeye, ambaye hakuziomba, pamoja na ujumbe: asizihukumu kabla ya mwaka kwisha.

Alikabidhiwa jana jioni, akazivaa akiwa ameketi ndani ya lori, akasikiliza kanda moja ya dada yake mpaka mwisho. Kisha akashuka, akaanza kupakua spika, moja baada ya nyingine. Ndiye anayewasomea haya sasa, kwa koo lake mwenyewe, na ninyi mmesogea.

Mama Punguza apumzike kwa amani. Tuitikie amina, kwa sauti ya chini.